Tuliorudi nyumbani tuijue na njia ya ziwa

Tembea uone, walisema wahenga. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tumetembea sana, lakini ukweli usiopingika ni kwamba tumeona kidogo. Tunaijua Rusumo, Gatuna na Kagitumba kuliko tunavyoijua milima ya nchi ambayo wazazi wetu waliililia kwa zaidi ya miaka 30. Muulize mfanyabiashara wa Kirehe bei ya mchele wa Kahama, atakujibu papo hapo. Muulize Rutsiro iko wapi, atakwambia "huko juu, upande wa Kongo", kisha atarudi kwenye simu yake.

Hoja yangu leo ni moja. Kurudi nyumbani si kuvuka mpaka. Mtu amerudi pale anapoweza kufika kwenye kilima ambako hana shamba wala shemeji, akaulizwa ni nani, akajibu, akapewa mahali pa kukaa. Kwa kipimo hicho, wengi wetu bado tuko njiani.

Sababu zake zinaeleweka. Tuliozaliwa Karagwe, Muyenzi, Nakivale au Masisi tuliijua Rwanda kwa midomo ya wazee. Mimi nilisoma shule ya msingi na sekondari Tanzania. Darasani tulichora Ziwa Viktoria na Mlima Kilimanjaro hadi tukaweza kuvichora tukiwa tumefumba macho. Kivu niliisikia jioni tu, kwa babu, naye alikuwa akiitaja kama mtu anayemtaja ndugu aliyekopa akapotea. Tuliporudi, wengi tulikaa Umutara na Kibungo, jirani na kule tulikotoka. Waliojaliwa walishika Kigali. Magharibi ya nchi ikabaki kuwa habari za redioni.

Likizo iliyopita nilipanda pikipiki yangu, peke yangu, nikapita Kigali na Musanze hadi Rubavu. Kutoka hapo nikashika barabara inayofuata ufuo wa Ziwa Kivu mpaka Rusizi. Ni kilomita 200 hivi za lami, zinazokatiza wilaya tano: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480. Barabara haina haraka. Inapanda kilima, inashuka hadi karibu na maji, inazunguka ghuba, kisha inapanda tena. Kijiji unachokiona mbele ya macho yako kinaweza kukuchukua nusu saa kukifikia. Mtu wa Mashariki aliyezoea nyanda za Akagera hujifunza subira hapo, apende asipende.

Nilikwenda peke yangu makusudi. Tumezoea kusafiri kwa makundi, basi zima la watu wa ukoo mmoja kwenda harusini au msibani. Anayesafiri hivyo amekibeba kijiji chake mgongoni: anakula na wake, anacheka na wake, na wenyeji anawaona dirishani. Lakini aliye peke yake lazima aulize njia, lazima aombe maji, na lazima ajieleze yeye ni nani. Kuhitaji watu ndiko kunakofungua mlango.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilinikuta Rutsiro. Kama ijulikanavyo, asubuhi hiyo ni ya umuganda na safari husimama. Nikaegesha pikipiki, nikapewa jembe, tukazibua mifereji ya maji kando ya njia. Huko mfereji si jambo la kupamba taarifa ya kiongozi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliangusha milima katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, watu zaidi ya 130 wakafa. Mwanamume niliyekuwa nikichimba naye alinionyesha kwa mpini wa jembe mahali palipokuwa na nyumba tatu. Sasa pana migomba michanga. Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Baada ya kazi tuliketi kwenye mkutano. Kiongozi wa kijiji akatangaza kwamba wana mgeni, mwalimu kutoka Mashariki. Maswali yakamiminika. Je, ni kweli kwetu ng'ombe wanakufa kwa kiangazi? Maharage ni bei gani? Watoto wanafaulu? Mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara Goma akaniuliza kwa Kiswahili nilikosomea. Nilipomjibu alicheka, akawageukia wenzake: "Huyu Kiswahili yake ni ya redio!" Nilikula viazi vitamu na maharage nyumbani kwake, na mkewe akanifungia vingine vya njiani. Ndugu msomaji, hapakuwa na hoteli pale, wala mtu aliyelipwa ili awe mkarimu.

Karongi niliamka mapema kuwaona wavuvi wakirudi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukishuka katikati, na usiku kucha taa huita samaki. Samaki wenyewe ni sambaza, ndugu wa dagaa tuliowala Kigoma na Karagwe. Naam, ni ndugu wa damu. Sambaza hawakuwako Kivu tangu asili. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, wakamwagwa humo. Leo wanalisha watu wa pande zote mbili za ziwa, na kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili wazaliane. Sijasikia mtu akimuuliza sambaza alirudi mwaka gani au alitokea nchi gani. Sisi binadamu, kwa upande wetu, tumepeana majina ya utani kulingana na nchi tulizotokea, na majina hayo hayajafutika yote.

Hata hivyo, nisije nikaandika kama mtalii anayesifu mandhari na tabasamu. Karongi hiyohiyo ina kanisa lililo juu ya rasi, na ndani yake watu waliokimbilia usalama waliuawa mwaka 1994. Bisesero haiko mbali, kilima ambako watu walipambana kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi. Mama mmoja mzee, ambaye nilimkuta akianika mihogo karibu na barabara, alinikaribisha kivulini. Baada ya kusikia lafudhi yangu aliuliza swali moja tu: "Ninyi mlikuwa wapi?"

Swali hilo tunalijua sote tuliorudi, na ndilo tunalolikwepa tunapokaa mijini kati yetu. Nilimjibu, "Nilikuwa Karagwe, mama. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko shuleni." Akanitazama kwa muda, akasema, "Basi ulikuwa mtoto," akanisogezea kigoda. Hatukuyamaliza yote chini ya mti ule. Lakini aliuliza, nikajibu uso kwa uso, na hilo halifanyiki kwenye simu wala kwenye hotuba.

Mbele zaidi, Nyamasheke, fundi wa baiskeli alinisikia nikinunua ndizi akaniita "Mnyambo!" Kumbe ni miongoni mwa wale waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013 katika Operesheni Kimbunga. Alifika Rwanda mikono mitupu, akapelekwa kuishi mahali asipomjua hata mtu mmoja. Nilimuuliza nani alimsaidia kuanza. Akanionyesha nyumba ya jirani. "Hawa walinipa moto wa kupikia siku ya kwanza. Mpaka leo nikikosa chumvi naingia tu." Huyo, kwa maoni yangu, amerudi nyumbani kuliko wengi wetu tuliotangulia kwa karibu miaka ishirini.

Najua atakayesema: mwalimu ana likizo, mfanyabiashara hana. Safari isiyo na mzigo ni hasara. Nami namwomba ahesabu tena. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake Januari 2024. Vita vilipoingia Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wauzaji wa Rubavu na Rusizi walishika vichwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayo, na Kongo ilijiunga mwaka 2022, lakini lango la mpaka hufungwa na watu wasiokuuliza wewe una mzigo gani. Mwenye njia moja tu siku hiyo hukaa chini akalia. Anayemfahamu mvuvi wa Karongi, mkulima wa kahawa wa Nyamasheke na muuza mchele wa Bugarama ana pa kugeukia. Wanyarwanda husema ndege asiyeruka hajui mahali mavuno yalipoiva. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya watalii.

Yupo pia atakayesema hajui wenyeji watampokeaje. Jibu ni kwamba hatajua mpaka aende. Na tuna ufunguo mkononi: lugha. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, lakini ziwani kilikuwako kabla ya sheria, kikivuka na ndizi, sambaza na vitenge. Si Kiswahili tulichofundishwa na walimu wetu wa Karagwe, na hakina haja ya kuwa hicho. Wengi wetu tuliporudi tulikificha, kwa kuwa kuna waliokiita lugha ya wahuni. Kando ya Kivu nilikuta kinaniletea kiti.

Nina mapendekezo mawili. Kwanza, kila aliyerudi ajiwekee utaratibu: mara moja kwa mwaka, siku nne au tano, aende mkoa asio na ndugu. Si lazima awe na pikipiki. Basi linatosha, na miguu pia. Alale kwenye nyumba ya kawaida ya wageni, ale wanachokula wenyeji, na ajibu anachoulizwa bila kukwepa.

Pili, shule zetu za mpakani zibadilishane wanafunzi na shule za ziwani. Simaanishi ziara ya kupiga picha na kurudi jioni. Mtoto wa Rusumo akae wiki moja katika nyumba ya mvuvi wa Nyamasheke, na wa Nyamasheke aje achunge ng'ombe kwetu. Wanafunzi wangu wamezaliwa hapa wote, hakuna hata mmoja aliyeijua kambi ya wakimbizi. Hata hivyo nikiwauliza nchi yao inaishia wapi upande wa magharibi, wengi wananitajia Kigali. Tumewarithisha watoto uhamisho ambao hawakuuishi.

Safari yenyewe ilinigharimu mafuta ya tangi tatu na malazi ya bei nafuu. Gharama hiyo wengi wetu huitumia katika harusi moja, kwa suti na mchango. Tofauti ni kwamba harusini tunakutana na watu wanaotujua tayari.

Wazee wetu walivumilia miaka mingi wakiamini kwamba kuna nchi inayowangoja. Nchi hiyo haikuwa ardhi tu. Ilikuwa na watu ndani yake, wengine wakiteseka wakati sisi tukisoma, na watu hao bado wana maswali ya kutuuliza na vigoda vya kutukalisha. Mpaka wa Rusumo tuliuvuka zamani. Mabasi ya Karongi yako Nyabugogo kila siku.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Kirehe.