Kuambiwa "Enda Utembee" Pia Ni Matibabu

Wasee, leo naanza kwa kuungama.

Mwaka jana niliposti video ya chai fulani ya "kusafisha ini". Nilishika pakiti, nikatabasamu, nikasema inatoa sumu zote mwilini kwa siku 14. Nililipwa shilingi 3,000. Mimi mwenyewe sikuwa nimekunywa hata kikombe kimoja. Pesa ikaisha kwa bando na raba za mtumba, nikasahau hiyo stori.

Miezi kadhaa baadaye anko wangu akaanza kuumwa na tumbo upande wa kulia. Akaenda hospitali akidhani ni mawe kwenye nyongo. Akapigwa picha ya ultrasaundi, mawe hayakuwepo, lakini daktari akaona kitu kingine: ini lake limejaa mafuta. Anko hanywi pombe. Ni mtu wa kanisa, kinywaji chake ni soda baridi mchana na chai ya maziwa jioni. Akauliza dawa ni gani. Daktari akamwambia hamwandikii dawa. Apunguze uzito, aache soda, atembee kila siku, arudi baada ya miezi 6.

Anko alirudi nyumbani amefura. "Nimelipa pesa ya picha, nimepoteza siku nzima, halafu naambiwa nitembee? Hata kuku hutembea!"

Basi akaamua kujitafutia dawa. Nilipoenda kumsalimia nikakuta pakiti tatu za ile chai mezani. Shilingi 1,500 kila moja. Nikamuuliza alizitoa wapi. Akaniangalia kwa upendo kabisa, akasema, "Si ni wewe ulituonyesha kwa simu, mpwa wangu? Nikajua huwezi kunidanganya."

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku hiyo.

Nimesoma sana tangu hapo, na nimeuliza watu wanaojua. Maoni yangu ni haya: huyo daktari alimpa anko matibabu kamili, na mimi nilimuuzia majani. Shida yetu ni kwamba tumezoea kuona tiba kama kitu cha kumeza au kudungwa. Ukitoka hospitali bila karatasi ya dawa unahisi umeibiwa. Na hapo katikati, kati ya daktari aliyesema "tembea" na mgonjwa anayetaka kidonge, ndipo watu kama mimi wanaingia na pakiti.

Acha niwaeleze venye huu ugonjwa unafanya kazi.

Ini la kawaida huwa na mafuta kidogo tu. Yakipita kiasi cha asilimia 5 hivi, tayari hilo ni ini lenye mafuta. Wengi wetu tunadhani ni ugonjwa wa walevi. Pombe inaleta, ni kweli, lakini sukari na uzito wa tumboni vinaleta pia. Sukari ya soda, nusu yake hivi ni aina inayoitwa fruktosi, na ini ndilo linalobeba kazi kubwa ya kuishughulikia. Ukilimwagia nyingi kila siku, linaigeuza kuwa mafuta na kuyaweka hapo hapo. Ukiongeza kukaa chini siku nzima, misuli haichomi kitu, insulini inaanza kushindwa na kazi, na stoo inazidi kujaa. Ndiyo maana huu ugonjwa unatembea pamoja na kisukari na presha. Mwaka 2023 wataalamu wa dunia waliubadilisha hadi jina, ili lionyeshe kwamba chanzo ni venye mwili unatumia chakula.

Ubaya wake ni kwamba hauna kelele. Miaka mingi husikii kitu. Kwa watu wengine mafuta yanabaki tu mafuta. Kwa wengine ini linaanza kuvimba, halafu makovu, halafu linakakamaa kabisa, na hapo saratani inaweza kuingia. Mtu mwembamba pia anaweza kuupata, kwa hivyo usicheke wenye vitambi kama wewe unabugia soda mbili kwa siku.

Sasa habari njema, na hii ndiyo sikujua wakati nilikuwa natabasamu na pakiti: ini linasamehe. Ni kiungo kinachojijenga upya. Mafuta yakiwa hayajaleta makovu makubwa, yanaweza kutoka, na njia ya kuyatoa imepimwa. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito wako, mafuta ya ini yanaanza kupungua. Ukifika asilimia 7 hadi 10, ule uvimbe wa ndani unapoa kwa watu wengi. Ukipita asilimia 10, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Tufanye hesabu na anko: alikuwa kilo 92. Asilimia 5 ni kilo 4 na nusu hivi. Asilimia 10 ni kilo 9. Hizo ni kilo ambazo mtu wa kawaida anaweza kupunguza polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Lakini polepole. Kujinyima chakula kabisa ili ukonde kwa wiki mbili kunaweza kuliumiza ini zaidi.

Mazoezi nayo yanasaidia hata kabla mizani haijashuka. Kiasi kinachopendekezwa ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, yaani nusu saa, siku tano. Kubeba vitu vizito pia kunahesabika. Kama unachota maji na kulima shamba la shosho, hiyo ni jimu ya bure.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini siku hizi kuna dawa." Ndiyo, zipo. Marekani waliidhinisha ya kwanza Machi 2024, resmetirom, kwa watu ambao ini lao limeshavimba na kupata makovu. Mwaka 2025 wakaongeza semaglutide. Ni dawa za kweli na kuna watu zitawaokoa. Lakini soma masharti: zote mbili ziliidhinishwa zitumike pamoja na chakula bora na mazoezi. Kwa hivyo hata ukiwa na pesa ya kununua, daktari bado atakuambia utembee. Kuku ya anko haijapona.

Turudi Kitale, juu ushauri wa intaneti unapenda kutuletea samaki wa baridi na mafuta ya zeituni, vitu ambavyo hapa ukivitafuta utamaliza nauli. Sisi tuko sehemu inayolisha nchi. Managu, saga, kunde, mrenda, terere, seveve, maharagwe, parachichi zinazoanguka zenyewe kwa boma za watu. Enda soko la Chwele kule Bungoma uone kama utakosa kitu cha kulisaidia ini. Hakuna haja ya kuchukia ugali pia. Shida ni ule ugali mlima na mboga kidogo pembeni kama mapambo. Geuza sahani: nusu mboga, robo ugali, robo maharagwe, omena, mayai au kuku. Ukipata unga wa wimbi au mtama, bora zaidi.

Na kahawa! Tafiti nyingi zimeona kwamba wanaokunywa kahawa mara kwa mara huwa na makovu machache kwenye ini. Sio dawa, na haifuti soda. Lakini fikiria: inalimwa hapa hapa kwa mitelemko ya Mlima Elgon, tunaiuza nje, halafu sisi tunanunua energi ya chupa. Kunywa kahawa, bila kujaza sukari.

Sukari ndiyo vita yenyewe. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina sukari zaidi ya gramu 50. Hiyo ni zaidi ya vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki 25. Kwa hivyo chupa moja imemaliza siku yako, na bado hujanywa chai ya saa nne yenye vijiko vitatu, na mandazi.

Najua kusema ni rahisi. Jaribu kukataa sukari kwa chai ya shangazi yako uone. Atauliza kama wewe ni mgonjwa, au kama umeanza kujiskia juu unakaa taoni. Jaribu kumega ugali kidogo mbele ya wageni. Kwetu, kumshibisha mtu ndiyo heshima, na kitambi bado kinasomwa kama cheti cha mafanikio. Anko alipoanza kukonda, watu wa kanisa walimuuliza kwa sauti ya chini kama kila kitu kiko sawa nyumbani.

Pia kuna mambo hayako mikononi mwa mgonjwa. Mtu wa boda amekaa kwa pikipiki kutoka alfajiri, chakula chake ni smoki na soda kwa sababu ndicho kiko hapo steji. Mlinzi wa usiku atatembea saa ngapi? Barabara zetu nyingi hazina njia ya miguu, ukitembea jioni unapishana na malori ya mahindi. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema wagonjwa ni wavivu, nakataa. Kama kutembea ni matibabu, basi njia ya miguu ni sehemu ya hospitali, na kantini ya shule inayouza soda na chipo peke yake inatengeneza wagonjwa. Wale wanaotuomba kura wanafaa kuulizwa hayo pia.

Lakini tusingoje njia za miguu ndio tuanze. Kutoka Matisi au Mitume hadi taoni si lazima kila siku upande boda. Makumbusho ya Kitale yana njia nzuri ndani ya msitu. Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote Kenya, hata gari huingii nalo, ni miguu tu, na unaweza kuona swala wa majini, nzohe. Tunakaa pahali watu hulipa kuja kutembea, na sisi tunalipa ili tusitembee.

Kuhusu chai za kusafisha ini: ini halihitaji kusafishwa. Lenyewe ndilo linasafisha. Na baadhi ya hizi bidhaa za mitishamba zinaumiza ini. Hata dondoo la chai ya kijani kwa dozi kubwa limeshawahi kuharibu maini ya watu. Kwa hivyo nilikuwa namuuzia mgonjwa kitu ambacho kingeweza kumwongezea ugonjwa. Ile video nimeitoa. Anko nimemrudishia pesa yake, 4,500, kwa awamu, na ilikuwa uchungu inavyofaa.

Kitu kimoja cha lazima: usijitibu kwa kusoma posti yangu. Kama una kisukari, presha, au tumbo limekua, omba kupimwa. Kama unameza dawa za kisukari, ongea na daktari kabla ya kubadilisha chakula sana. Pombe, iache au uipunguze kabisa. Na ukiona macho yamekuwa manjano, tumbo linajaa maji, au unatapika damu, hapo mambo ya kutembea yamepita. Kimbia hospitali.

Anko sasa ni kilo 87. Amepita ile asilimia 5. Picha ya pili bado, kwa hivyo siwezi kuwaambia amepona. Lakini kila jioni saa kumi na moja ananipigia simu. "Mpwa, uko wapi? Toka nje." Tunatembea nusu saa, yeye mbele, mimi nyuma nikihema.

Jana kampuni nyingine imenitumia ujumbe. Vidonge vya ini, 5,000 kwa video moja. Nilikuwa barabarani na anko. Nilifuta ujumbe, nikaongeza mwendo.