Mwenye hofu asikilizwe leo

Charles Dickens alinusurika ajali ya treni Staplehurst, Uingereza, mwaka 1865. Mwaka uliofuata akaandika hadithi fupi, The Signal-Man. Mfanyakazi wa reli, peke yake kibandani karibu na handaki, anatokewa na mzimu kabla ya kila msiba. Anamsimulia mgeni. Mgeni anamhurumia, anapanga kumpeleka kwa daktari. Kurudi kesho yake jioni, anakuta mwenzake amegongwa na treni.

BBC iliifanya filamu ya televisheni mwaka 1976, Denholm Elliott akiwa mfanyakazi huyo. Uso wake unaonyesha mtu aliyebeba hofu muda mrefu bila wa kumwambia.

Nyumbani kwako yuko anayekesha na mawazo? Usingoje kesho, keti naye leo.