Maji Yanayofaa Kutawadha Huenda Yasifae Kunywa



Sote tulifundishwa madrasa kuwa maji huangaliwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji yakiwa mengi na najisi isipozibadilisha, tunatawadha bila wasiwasi. Hukumu hiyo ni ya tohara na iko pale pale. Tatizo ni kuifanya kipimo cha afya. Zebaki kidogo iliyomo mtoni haina rangi, ladha wala harufu.

Hapa Songwa tumeona maafa ya jirani. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka. Tope lile kila mwenye macho aliliona. Lakini kuanzia Kahama hadi Geita, wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na marudio ya mialoni huoshwa na mvua hadi mitoni. Hapo jicho halioni kitu.

Ndani ya matope ya mtoni, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki, kisha kwa mlaji. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika ubongo.

Wapo wanaosema, "Sisi tunachemsha." Endeleeni, maana kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini metali haifi kwa moto. Arseniki hubaki sufuriani, na maji yakipungua yenyewe huzidi ukali. Dawa ya klorini nayo haiiondoi zebaki.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.006 za zebaki kwa lita moja, yaani miligramu 6 tu katika mapipa matano ya lita 200. Kiasi hicho hugunduliwa na maabara. Zebaki hugeuzwa mvuke, ukapitishwa mwanga maalumu. Kadiri mwanga unavyofyonzwa, ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Sampuli ichukuliwe na mtaalamu kwa chupa iliyoandaliwa, si chupa ya soda. Matope na samaki wapimwe pia, kwani sumu hutuama huko.

Rai yangu ni hii. Ndugu zetu huchimba visima kwa nia ya sadaka jaria, Allah awalipe. Fedha za kuchimba hupatikana, za pampu hupatikana, za uzinduzi hupatikana. Za vipimo je? Katika ukanda huu wa migodi, na hapa Shinyanga ambako baadhi ya maji ya ardhini yana floraidi nyingi, kisima kisifunguliwe bila cheti cha maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Kamati ya msikiti na serikali ya kijiji waandike barua pamoja, kuhusu visima na mto pia, na majibu yasomwe hadharani.

Wakati tukisubiri, tusiteke maji chini ya mwalo, na zebaki isichomwe nyumbani, hasa penye mjamzito au mtoto. Kuilinda nafsi ni katika makusudio ya sharia.

Wabillahi tawfiq.