Pampu za umeme kidogo zaleta kazi mpya Ulaya

KANUNI ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, iliyoanza kuzibana pampu za kuzungushia maji ya moto majumbani mwaka 2013, ilipunguza matumizi ya umeme. Lakini pampu zilizoshika soko zina sumaku ndani ya mota, na maji hupita humo humo.

Radieta za chuma zikiliwa na kutu hutoa unga mweusi, magnetaiti. Sumaku huuvuta, ukajikusanya kwenye rota hadi pampu ikakwama.

Nchini Uingereza, kiwango cha BS 7593 cha mwaka 2019 kinataka mfumo usafishwe, utiwe dawa ya kuzuia kutu na ufungiwe chujio. Ila hewa ikiendelea kuingia kwenye maji, na chujio lisisafishwe, mwenye nyumba amenunua pambo tu.