Kunyonyesha na Mimba Isiyotarajiwa



Sisi tulio kliniki huwapokea akina mama wenye mtoto wa miezi minane mgongoni na mimba changa tumboni. Huuliza kwa mshangao: "Sista, imekuwaje? Nanyonyesha, na sijaona siku zangu tangu nijifungue." Nao husema kweli. Hebu tulieleze jambo hili.

Wafugaji wanajua kwamba ng'ombe anayenyonyesha ndama huchelewa kupata joto kuliko anayekamuliwa tu. Chanzo chake kimo ubongoni. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hutoa homoni kidogo kidogo, kwa vipindi. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, iliyo kama punje ya mbaazi, nayo hupeleka homoni zake kwa njia ya damu hadi kwenye ovari ili yai lipevuke. Roger Guillemin na Andrew Schally waliichambua homoni hiyo kutoka bongo za kondoo na nguruwe, na mwaka 1977 wakapata Tuzo ya Nobel. Sisi binadamu tunayo iyo hiyo.

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, na homoni ile hupungua. Yai halipevuki. Lakini mtoto akianza uji, au akilala usiku kucha bila kunyonya, ubongo huanza kazi yake tena. Hapo ndipo wengi hunaswa: yai laweza kutangulia, na damu ingefuata wiki mbili hivi baadaye. Basi mama hushika mimba kabla ya kuona hedhi.

Kunyonyesha huzuia mimba endapo mambo haya matatu yapo pamoja:

1. Mtoto hajatimiza miezi 6.
2. Ananyonya tu, mchana na usiku, bila chakula kingine wala maji.
3. Hedhi haijarudi.

Yakiwapo yote, hawafiki 2 kati ya kila akina mama 100 watakaoshika mimba katika miezi hiyo 6. Likikosekana hata moja, kinga hiyo si ya kutegemewa tena. Zungumza na mumeo, mwende kliniki mapema. Zipo njia za uzazi wa mpango zisizopunguza maziwa. Endelea kunyonyesha, mama, ila usingoje damu ikupe taarifa.