Eti Mradi Umeeleweka

"Mradi umeeleweka." Ndilo jibu analopewa yeyote anayethubutu kusema kwamba tangazo lililorushwa mtandaoni lina makosa ya tahajia. Akiendelea, ataambiwa anajifanya mwalimu na hapa si darasani. Imani hii imeenea mno, na ni ya uongo.

Kiswahili hubebesha herufi moja mzigo mkubwa. Kati ya "atalipa" na "hatalipa" tofauti ni h tu, na h hiyo ndiyo ukanushi wenyewe. Sasa tazama tunavyoandika: "uyu" badala ya "huyu", "amna" badala ya "hamna". Wengine, kwa kuogopa kosa hilo, huipachika h pasipotakiwa wakaandika "hanakuja". Katibu wa kikundi cha kukopeshana akiwaandikia wanachama kwamba fulani "atalipa mwezi huu", naye alikusudia kusema hatalipa, fedha hizo zitapangiwa matumizi kabla kosa halijagunduliwa. Hapo nani ameelewa? Na kibaya zaidi, kila mmoja anaamini ameelewa.

Yako pia makosa ya l na r. Mtu anawaita wazee wakajadili "mahali" kumbe ni mahari. Wako na wanaotenganisha "ili kuwa" wakikusudia "ilikuwa". Programu ya kusahihisha haikuokoi hapo, kwa sababu yote ni maneno halali. Ni jicho la mtu tu litakaloona.

Nitaambiwa matamshi yetu yanatofautiana, na asiyetamka h huandika anavyosikia. Ni kweli, na sidharau lafudhi ya mtu. Wala sina ugomvi na Sheng. Vijana wanaoiandika wanajua wanachofanya. Lakini matamshi kutofautiana ndiko kulikoifanya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ihangaike kusawazisha tahajia: mtu wa Tanga na mtu wa Kisumu wasomane hata kama hawatamki sawa. Leo umbali umeongezeka. Anayekusoma huenda yuko Bukavu, Kampala au Muscat, na pengine Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu. Hakusikii sauti wala hakuoni uso. Jirani yako atakisia ulichokusudia. Huyu atakisia kwa lipi?

Wengine huilaumu simu. Simu nyingi zina kamusi ya Kiingereza, hivyo hupiga mstari mwekundu chini ya maneno yetu, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi, hadi macho yanazoea kuupuuza. Basi ndiyo sababu ya kusoma mara mbili.

Tena siku hizi programu za tafsiri na za akili mnemba hujifunza Kiswahili kutokana na hayo hayo tunayoyarusha. Maandishi yetu mtandaoni ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza. Kosa tunalolizoea leo, kesho mashine itawafundisha watoto wetu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujabonyeza kutuma, soma ulichoandika kwa sauti. Kagua kila penye kukanusha. Ujumbe ukihusu fedha, dawa au tarehe, mpe mwenzako ausome kwanza. Na ukisahihishwa, shukuru, kisha rekebisha andiko lako siku hiyo hiyo.