Uhamisho si Tiba

Ipo tabia ya urasimu iliyokaa maofisini kwa miaka mingi, nayo ni kumhamisha mtumishi mwenye tatizo badala ya kulitatua tatizo lenyewe. Muuguzi wa Morogoro mjini akianza kunuka pombe asubuhi, au vidonge vya diazepamu vikipungua bila maelezo daftarini, wapo wakubwa ambao hawamwiti daktari. Huandika barua. Baada ya wiki chache muuguzi huyo yuko katika zahanati juu ya milima ya Uluguru, mbali na msimamizi, na funguo za kabati la dawa ziko mfukoni mwake.

Hilo huitwa busara, lakini kwa hakika ni woga. Mkulima wa Matombo au Kinole amekosa nini hata apelekewe muuguzi mgonjwa aliyewashinda wakubwa wa mjini? Mama mjamzito anayebebwa kwa machela usiku wa mvua ana haki ileile ya kupokewa na mikono isiyotetemeka.

Wako wengine wanaojiona wakali zaidi. Kwao dawa ni moja tu: afukuzwe! Ukali huo nao ni wa bure. Muuguzi amesomeshwa kwa jasho la wananchi, na uraibu ni ugonjwa unaotibika. Tena, kufukuza ovyo huzaa siri. Anayeona mwenzake amefukuzwa siku ileile aliyokiri, naye ataificha chupa mkobani mpaka siku atakapokosea kipimo cha sindano. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo huenda kikawa cha mgonjwa aliyelala wodini.

Njia ya tatu ipo, wala si ngeni kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu, na baadaye ukawa mfano kwa dunia wa tiba ambayo mgonjwa humeza dawa mbele ya mhudumu. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, nayo hunywewa kila siku chini ya uangalizi. Ikiwa mhudumu wa afya anaweza kumsimamia kijana wa mtaani mpaka akasimama tena, kwa nini yeye akianguka asisimamiwe?

Nchini Marekani chama cha wauguzi kiliazimia mwaka 1982 kwamba tiba itangulie adhabu, na mwaka 1983 jimbo la Florida likaanzisha mpango wake kwa sheria. Muuguzi hutibiwa kwanza, kisha hurudi kazini kwa mkataba wa maandishi unaoweza kudumu miaka mitano. Hupimwa mkojo bila kutaarifiwa mapema. Huzuiwa kushika dawa kali kwa muda, na msimamizi wake hupeleka taarifa za maendeleo yake. Akivunja mkataba, hutolewa wodini.

Huo si upole wa kulea uzembe. Mlevi anayefichwa hapimwi na mtu yeyote; aliyejitokeza hupimwa daima. Ni yupi kati yao aliye hatari kwa mgonjwa?

Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo mamlaka yake yametajwa katika sheria ya mwaka 2010, ndicho chombo kinachofaa kushika mikataba ya namna hiyo. Na mwenye mkataba abaki mjini, palipo na wenzake, daktari na maabara. Mlimani aende akiwa mzima.

Mto Ruvu huanzia Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Kinachotupwa mlimani hakipotei, hushuka. Mkuu wa idara, na hata mwalimu mkuu mwenye mwalimu mlevi, anayetia saini barua ya uhamisho huku akiujua ukweli, hajaondoa tatizo. Amewabebesha wanyonge.